Saa Zisizo na Kengele: Uchambuzi wa Muda wa Kujisomea katika Vyuo Vikuu vya Tanzania

Kijana anayejiunga na chuo kikuu nchini Tanzania huwa ametoka katika mfumo wa shule ambamo karibu kila saa ya siku ilikuwa na mwenyewe. Katika shule ya sekondari ya bweni, kengele ndiyo iliyomwamsha, ikampeleka mstarini, ikamwingiza na kumtoa darasani, na usiku ikamrudisha darasani kwa ajili ya prepo, yaani kipindi cha kujisomea kinachosimamiwa na mwalimu wa zamu au viranja. Mwanafunzi wa Kidato cha Sita, mwenye tahasusi ya masomo matatu makuu, hakuhitaji kujiuliza asome nini saa ngapi, kwa kuwa swali hilo lilikwisha kujibiwa na watu wengine. Baada ya mtihani wa taifa, ambao kwa kawaida hufanyika mwezi Mei, hupita miezi kadhaa ya kukaa nyumbani, kisha Oktoba au Novemba kijana huyo hujikuta katika kampasi ambako hakuna anayemgongea mlango alfajiri wala anayeita majina jioni, naye ana kozi tano au sita na ratiba ya juma ambayo zaidi ya nusu ya visanduku vyake ni vitupu. Linalochambuliwa hapa ni kazi gani hasa inatazamiwa kufanyika katika visanduku hivyo, kwa nini wanafunzi wengi wenye akili nzuri hushindwa kuifanya kwa wakati, na ni sehemu gani ya kushindwa huko inayomhusu mwanafunzi na ipi inakihusu chuo.

Jibu la swali la kwanza limo katika kanuni za elimu ya juu zenyewe, ingawa ni wanafunzi wachache wanaolitafuta humo. Katika mfumo unaosimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, uzito wa kila kozi hupimwa kwa krediti, yaani kipimo cha kazi yote anayotazamiwa kuifanya mwanafunzi wa kawaida ili ayafikie malengo ya kozi hiyo, darasani na nje ya darasa, na krediti moja huhesabiwa kuwa saa 10 za kujifunza. Shahada ya kwanza ya miaka mitatu huhitaji krediti zisizopungua 360, ambazo ni 120 kwa mwaka na 60 kwa muhula. Maana yake ni kwamba kila muhula unadai saa 600, na saa hizo zikigawanywa katika wiki 15 za masomo hupatikana saa 40 kwa wiki, kiasi kile kile anachofanya kazi mtumishi wa ofisini. Kozi moja ya krediti 12, kwa mfano, ina saa 120. Ikiwa kila wiki ina mhadhara wa saa 2 na semina ya saa 1, darasani zitatumika saa 45 tu kwa muhula mzima, na saa 75 zilizosalia, ambazo ni 5 kwa wiki, hazitaandikwa popote katika ratiba. Mwenye kozi tano za namna hiyo atakuwa darasani kwa saa 15 na atadaiwa saa nyingine 25 za kusoma, kuandika, kukokotoa na kurudia peke yake au pamoja na wenzake. Sehemu kubwa ya shahada, kwa hiyo, husomewa katika saa ambazo hazina jina wala chumba wala mhadhiri, na mwanafunzi anayedhani kuwa siku yenye mhadhara mmoja ni siku ya mapumziko amekwisha kuikosea hesabu kabla hata ya kufungua daftari.

Je, saa hizo 40 zipo? Juma lina saa 168. Anayelala saa 8 kila usiku hutumia 56 na kubakiwa na 112. Masomo yakichukua 40, husalia 72 za chakula, kufua, usafi, ibada, michezo, mazungumzo na mengine yote ya maisha. Hata aliyepanga chumba Mbagala au Gongo la Mboto, pembezoni mwa Dar es Salaam, ilhali anasoma Mlimani, kampasi kuu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na ambaye kwenda na kurudi kunamchukua saa 3 za daladala na foleni kwa siku 5, bado atakuwa na saa 57 baada ya kuondoa 15 za safari. Hesabu ya karatasini haifanani na maisha, maana saa za mtu aliyechoka hazina thamani sawa na saa za mtu aliyepumzika, lakini inatosha kuonyesha kwamba kwa mwanafunzi wa muda wote asiye na ajira wala familia ya kulea, uhaba wa saa si maelezo ya kutosha. Saa zipo, ila zimekatikakatika, hazina mwenyewe, na zikipata mwenyewe huwa ni mwishoni mwa muhula, wakati faida yake imekwisha kupungua. Hoja inayotetewa katika uchambuzi huu ni kwamba mtawanyo wa saa katika muhula una uzito mkubwa kuliko wingi wa saa hizo, na kwamba ushauri mwingi wanaopewa wanafunzi kuhusu muda hukosea kwa kuhimiza wingi na kuusahau mtawanyo.

Mwendo wa muhula wa kawaida unajulikana na kila aliyepita chuoni. Wiki mbili za mwanzo humalizika katika usajili, kutafuta malazi na kusubiri ratiba itulie. Tathmini endelevu, yaani alama zinazokusanywa muhula unapoendelea na ambazo wanafunzi huziita kozi weki, katika vyuo vingi hubeba alama 40 kati ya 100, na hutokana na tesiti mbili, kazi za kuandika na mawasilisho ya semina. Tesiti ya kwanza huja katikati ya muhula na ya pili karibu na mwisho, kisha hufuata mtihani wa mwisho, maarufu kama UE, wenye alama 60. Kwa kuwa macho ya mwanafunzi huelekea kwenye tarehe hizo, usomaji nao huzifuata: utulivu wa wiki tano au sita, kishindo cha siku chache kabla ya tesiti, utulivu tena, halafu wiki za mwisho za kupiga msuli usiku kucha, madesa, yaani nakala za maelezo ya masomo, yakipita mkono kwa mkono na kila meza ikiwa na watu saa 8 za usiku. Huu ni usomaji wa zimamoto, na kosa lake haliko katika bidii, kwa sababu bidii inayoonekana katika wiki hizo ni kubwa na ya kweli. Kosa liko katika namna kumbukumbu ya binadamu inavyofanya kazi.

Mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1885, alieleza majaribio aliyojifanyia mwenyewe ya kukariri mfululizo wa silabi zisizo na maana, akapima ni kiasi gani kilichobaki kichwani baada ya dakika, saa na siku. Aligundua kwamba usahaulifu huwa wa kasi sana mwanzoni, kiasi kwamba sehemu kubwa ya kilichokaririwa hupotea ndani ya siku ya kwanza, kisha kasi hiyo hupungua. Alichokibaini pamoja na hilo ndicho chenye faida zaidi kwa mwanafunzi: marudio 38 yaliyotawanywa katika siku tatu yalimpa matokeo sawa na marudio 68 yaliyofanywa yote katika siku moja. Utafiti wa zaidi ya karne moja uliofuata, uliotumia watu wengi na maarifa yenye maana, umelithibitisha jambo hilo mara nyingi, na wataalamu huliita athari ya mtawanyo, yaani hali ya jambo lile lile, likisomwa kwa jumla ya muda ule ule, kukaa zaidi kichwani vipindi vya kulisoma vinapoachana kwa siku au wiki. Mwanafunzi anayezigawa saa 10 za kozi ya sheria ya mikataba katika wiki tano na mwenzake anayezitumia zote katika siku mbili za mwisho wametoa gharama sawa, ila mmoja amenunua kidogo.

Kuna jambo la pili linaloambatana na hilo, nalo linahusu kinachofanyika ndani ya saa yenyewe. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walichapisha majaribio ambamo wanafunzi walisoma kifungu cha maandishi; baadhi yao walikirudia kukisoma hadi mara nne, na wengine walikisoma mara moja kisha wakajaribu mara tatu kuandika walichokumbuka bila kukitazama. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliorudia kusoma waliongoza kwa kukumbuka asilimia 83 dhidi ya 71. Walipopimwa baada ya wiki moja mambo yaligeuka, waliojipima wakakumbuka asilimia 61 na waliorudia kusoma asilimia 40. Hapa ndipo lilipo tego linalowanasa wanafunzi wengi, na linastahili kutazamwa kwa makini. Kusoma tena na tena kunampa mtu hisia ya kulijua jambo, maana macho yamezizoea kurasa na maneno yanapita bila kikwazo. Kujipima kunamwonyesha mapengo yake na kumfanya ajione hajui. Kwa sababu hiyo mwanafunzi huchagua njia inayompa utulivu wa moyo usiku wa leo na kuiacha ile ambayo ingempa majibu siku ya mtihani. Mwaka 2013 John Dunlosky na wenzake, walipopitia mbinu kumi za kujifunza zinazotumiwa na wanafunzi, waliziweka kujipima na kutawanya vipindi katika daraja la juu la manufaa, huku kurudia kusoma na kupiga mistari chini ya maneno vikiwekwa katika daraja la chini. Mwenye desa lililopakwa rangi ya njano kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho amefanya kazi ya mkono ambayo kichwa hakikushiriki sana.

Mambo hayo mawili yakikubalika, muundo wa saa 5 za wiki kwa kila kozi huanza kuonekana. Ndani ya saa 24 baada ya mhadhara, kabla usahaulifu wa kasi haujafanya kazi yake, nusu saa hutosha kufunika daftari, kuandika kwa kumbukumbu hoja kuu za mhadhara, kisha kulifunua na kusahihisha. Saa 2 au 3 huenda kwenye usomaji wa kitabu au makala aliyoitaja mhadhiri, au kwenye maswali ya hesabu ikiwa kozi ni ya namna hiyo, na muda uliobaki hutumika kurudia mambo ya wiki iliyopita na ya wiki tatu nyuma kwa kujiuliza maswali. Mitihani ya miaka iliyopita, ambayo wanafunzi wengi huitafuta wiki moja kabla ya UE ili kubahatisha maswali yatakayorudi, ina kazi bora zaidi kuanzia wiki ya nne, inapotumika kama kipimo cha kujua ni sehemu gani ya kozi haijaingia.

Saa hizo zitatoka wapi? Kwa sehemu kubwa zimo mchana, katika mwanya ulio kati ya kipindi na kipindi. Mwanafunzi mwenye mhadhara kuanzia saa 2 hadi saa 4 asubuhi, na mwingine unaoanza saa 8 mchana, ana saa 4 katikati ambazo mara nyingi hazihesabiki kuwa ni muda. Atatoka ukumbini, atasimama na wenzake kwa mazungumzo, atakwenda hosteli kuweka mkoba, atalala kidogo kwa sababu jua ni kali, atakwenda kula, na saa 7 na nusu ataanza kurudi. Mwenzake anayeketi kwenye kimbweta, ile meza ya zege yenye viti vyake iliyojengwa chini ya miti katika kampasi nyingi nchini, kuanzia saa 4 na robo hadi saa 6 na robo, amekwisha kurudia mhadhara wa asubuhi na kusoma nusu ya makala ya semina, na bado ana muda wa chakula na mapumziko. Akifanya hivyo siku nne kwa juma, amepata saa 8 bila kugusa jioni yake hata moja. Kwa anayeishi mbali na chuo mwanya huo ndio hazina yake kubwa, kwa sababu jioni atafika nyumbani amechoka, na pengine chumba chake kimepakana na baa, au umeme umekatika.

Majadiliano ya vikundi, ambayo wanafunzi huyaita diskasheni, yana nafasi ya pekee katika maisha ya chuo nchini na hayawezi kupitwa juujuu, kwa kuwa ni humo saa nyingi hupatikana na nyingi zaidi hupotea. Kikundi kinachokubaliana kukutana saa 10 jioni mara nyingi huanza saa 11, baada ya watatu kuwasubiri wawili na mmoja kwenda kumwita wa sita. Watu wakishatulia hubainika kuwa aliyesoma ni mmoja, naye hugeuka kuwa mwalimu wa wengine kwa saa 2. Katika mkutano huo anayefaidika kweli ni yule anayeeleza, kwa sababu kueleza bila kutazama ndiko kujipima kwenyewe. Wanaosikiliza huondoka na hisia tamu ya kuelewa ambayo, kama ilivyoonekana katika jaribio la mwaka 2006, hailindi kitu kwa muda mrefu. Kikundi chenye manufaa huwa kidogo, watu watatu hadi watano, kila mmoja akiwa amepewa mada yake mapema, na kila mmoja akiwa amesoma mada zote kabla ya kukaa. Kinaanza kwa maswali na kumalizika kwa saa iliyopangwa, hata kama mada haijaisha. Ni haki ya mwanafunzi kujitoa katika kikundi kinachomla muda, ingawa katika mazingira ya urafiki na ujirani wa hosteli hatua hiyo huhitaji ujasiri na maneno ya adabu.

Kazi za kuandika huleta tatizo la aina nyingine, ambalo wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walilieleza mwaka 1979 kuwa ni kosa la makadirio, yaani tabia ya mtu kukadiria kuwa kazi yake itakwisha mapema kuliko inavyowezekana, hata pale ambapo kazi zake zote zilizopita zilichelewa. Katika utafiti wa Roger Buehler na wenzake uliochapishwa mwaka 1994, wanafunzi nchini Kanada waliokuwa wakiandika tasnifu zao za shahada ya kwanza walikadiria kwa wastani kuwa wangemaliza kwa takriban siku 34. Walipoambiwa wakadirie hali mbaya kabisa, ambamo kila kitu kingekwenda mrama, walitaja takriban siku 49. Kwa kweli walitumia karibu siku 56. Muda uliotumika ulizidi hata ule wa hali mbaya waliyoiwazia. Katika chuo cha Tanzania mtu anaweza kuyaona makadirio hayo yakivunjika mbele ya steshenari, yaani duka la kuchapa na kutoa nakala, asubuhi ya siku ya kukusanya kazi. Foleni ni ndefu kwa sababu darasa zima lina tarehe moja. Flashi ya mmoja ina virusi. Faili lililoandikwa katika simu linafunguka likiwa limevurugika mistari na majedwali. Umeme unakatika na jenereta haina mafuta. Jina la mwanakikundi mmoja limesahaulika kwenye jalada. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilicho ajabu, na vyote vimewahi kumpata kila mmoja katika foleni hiyo, ila hakuna aliyeviingiza katika hesabu. Mwenye busara huichukulia tarehe ya kukusanya kuwa imetangulia kwa siku mbili, na hukadiria urefu wa kazi mpya kwa kukumbuka ile iliyopita ilichukua siku ngapi, badala ya kuwaza hii ingechukua siku ngapi kama mambo yangekwenda sawa.

Kuhusu upangaji wenyewe, utafiti mmoja una somo ambalo washauri wa wanafunzi wangefaa kulizingatia. Bruce Britton na Abraham Tesser, katika makala yao ya mwaka 1991, waliwapima wanafunzi 90 wa chuo kikuu nchini Marekani kuhusu desturi zao za muda, kisha baada ya miaka minne wakalinganisha majibu na wastani wa alama zao. Desturi ya kupanga siku na juma, pamoja na hisia ya mtu kuwa ndiye anayeutawala muda wake, vilihusiana na ufaulu. Kupanga mambo ya mbali hakukuonyesha uhusiano huo. Ratiba za rangi nyingi zinazobandikwa ukutani wiki ya kwanza, zikimgawia mwenye chumba saa za kusoma kuanzia alfajiri hadi usiku kwa muhula mzima, huvunjika katika wiki ya pili na kumwachia hisia ya kushindwa. Karatasi moja inayoandikwa kila Jumapili jioni, yenye kazi za juma linaloanza tu na saa zilizotengwa kwa kila kazi, hudumu kwa sababu inaweza kusahihishwa wiki inayofuata.

Mpango mdogo hushika vizuri zaidi unapofungwa kwenye jambo ambalo tayari halikosi kutokea. Peter Gollwitzer, aliyeandika mwaka 1999 kuhusu nia za utekelezaji, yaani maamuzi yanayotaja mahali na wakati wa kufanya jambo, alionyesha kuwa azma ya jumla ya mtu kwamba atasoma zaidi ina nguvu ndogo kuliko uamuzi unaosema kwamba likitokea jambo fulani atafanya jambo fulani. Mwanafunzi Mwislamu ana swala tano zinazoigawa siku yake kwa uthabiti kuliko ratiba yoyote ya chuo, na saa inayofuata swala ya Alfajiri, kabla kampasi haijaamka, imekuwa kwa wengi saa bora ya kusoma jambo gumu. Mkristo mwenye ibada ya asubuhi au mazoezi ya kwaya ana vigingi vya namna hiyo hiyo. Asiye na vyote hivyo anaweza kuufunga usomaji wake kwenye mwisho wa mhadhara fulani, akiketi mahali fulani pasipobadilika.

Simu imekuwa mtuhumiwa wa kwanza katika kila mazungumzo ya aina hii, na tuhuma hizo zina ukweli, lakini agizo la kuizima halizingatii hali ilivyo. Mabadiliko ya ukumbi, kuahirishwa kwa kipindi, tangazo la tesiti na makala ya semina vyote hupitia kundi la WhatsApp la darasa, ambamo kiongozi wa darasa, anayejulikana kama CR, hutuma taarifa wakati wowote. Anayezima simu siku nzima anaweza kufika kwenye ukumbi mtupu. Madhara makubwa ya simu yako katika kuukata usomaji vipandevipande, maana akili inayohama kutoka kwenye hoja ya kitabu kwenda kwenye ujumbe huhitaji muda kuirudia hoja ile pale ilipoachwa. Njia inayowezekana ni kuiweka simu ndani ya mkoba, bila sauti, kwa vipindi vya dakika 25 hadi 50, na kuitazama kati ya kipindi na kipindi. Katika muda mfupi hivyo ni nadra tangazo la CR kupitwa na wakati. Bei nafuu ya vifurushi vya usiku nayo huwavuta wengi kubaki macho hadi alfajiri wakipakua na kutazama, na bando hilo la bei ndogo hulipiwa mara ya pili kwa mhadhara wa asubuhi unaosikilizwa kwa usingizi.

Na usingizi haupaswi kuhesabiwa kuwa muda uliopotea. Tangu mwaka 1924, John Jenkins na Karl Dallenbach walipoonyesha nchini Marekani kuwa watu walipolala baada ya kukariri walikumbuka zaidi kuliko walipokaa macho kwa saa zile zile, ushahidi umeendelea kukusanyika kwamba ubongo huyaimarisha yaliyosomwa mtu anapolala. Anayekesha usiku wa kuamkia UE anaongeza saa za kusoma kwa kuziondoa zile ambazo zingeyashika yale aliyoyasoma. Inasikitisha kuwa katika vyuo vingi kukesha bado kunasimuliwa kama sifa ya ushujaa, na kwamba mwanafunzi anayelala saa 5 usiku wakati wa mitihani huonekana kana kwamba hajali.

Yote yaliyosemwa mpaka hapa yanamchukulia mwanafunzi kama mtu mwenye uhuru juu ya siku yake, na si wote wenye uhuru huo. Fedha za kujikimu kutoka Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, ambazo wanafunzi huziita bumu, huingia kwa awamu, na awamu ikichelewa saa za kusoma hugeuka kuwa saa za kutafuta mkopo mdogo, kuuza bidhaa hosteli kwa hosteli au kufanya vibarua. Malazi ndani ya kampasi hayawatoshi wote. Hosteli zilizozinduliwa mwaka 2017 katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, zenye nafasi 3,840, ziliwarudishia wanafunzi wengi saa walizokuwa wakizimaliza barabarani, na hapo ni wazi kwamba jengo linaweza kufanya kwa muda wa mwanafunzi kile ambacho nasaha haiwezi. Mwanafunzi wa kike anayeishi kwa ndugu mara nyingi hurudi jioni akakuta jiko, watoto na vyombo vinamsubiri, ilhali kaka yake anayesoma chuo hicho hicho huambiwa akapumzike, na familia inayotaka binti yake ahitimu ina wajibu wa kuitazama hesabu hiyo. Katika Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 ili kutoa elimu kwa njia ya masafa, wanafunzi wengi ni walimu, wauguzi na watumishi wenye familia, na kwao saa 40 kwa wiki hazipatikani kwa mpangilio wowote. Uamuzi wao wa kwanza kuhusu muda hufanyika siku ya usajili, katika idadi ya kozi wanazozichukua kwa mwaka, na anayechukua kozi chache akazimaliza ameutumia muda wake vizuri kuliko anayejisajili kwa zote kisha akaahirisha mitihani mwaka baada ya mwaka.

Chuo nacho kina sehemu yake. Mwaka 2002 Dan Ariely na Klaus Wertenbroch walichapisha jaribio ambamo watu walipewa kazi ya kusahihisha maandishi matatu: kundi moja lilipewa tarehe za mwisho zilizoachana sawasawa, la pili lilijipangia tarehe zake, la tatu lilikabidhi yote siku ya mwisho. Kundi la kwanza ndilo lililobaini makosa mengi zaidi, likafuatiwa na lililojipangia, na lililosubiri mwisho likawa la nyuma kabisa. Mhadhiri anayetoa tesiti mbili kubwa na UE ameuweka muhula wake karibu na hali ya kundi la tatu; anayetoa jaribio fupi la dakika 15 kila baada ya wiki mbili, hata kama lina alama chache tu, amewatawanyia wanafunzi wake saa zao bila kuwahubiria. Madarasa ya mamia ya watu huufanya usahihishaji kuwa mzigo mzito, na mzigo huo ni wa kweli, lakini majaribio ya maswali ya kuchagua kupitia mfumo wa kompyuta wa chuo, au yanayosahihishwa na wanafunzi wenyewe darasani, huupunguza sana. Wengi wanaokula sapu, yaani kurudia mtihani, na hata wanaodisko, yaani kuondolewa masomoni kwa kufeli, wangeweza kujijua mapema kuwa wamebaki nyuma kama wangepimwa katika wiki ya tatu badala ya ya nane.

Kuna marekebisho mengine yasiyo na gharama. Mwongozo wa kozi unaogawiwa wiki ya kwanza huorodhesha mada, vitabu na mgawanyo wa alama, lakini ni nadra kutaja saa ambazo kila wiki inazihitaji nje ya darasa. Mhadhiri akiziandika, kwa mfano kwamba wiki ya sita ina makala mbili za saa 3 na zoezi la saa 4, mwanafunzi atapata kitu cha kuingiza katika karatasi yake ya Jumapili, na mhadhiri mwenyewe atalazimika kukiri pale anapodai zaidi ya krediti za kozi yake. Mkuu wa idara akizijumlisha saa za kozi zote tano za mwaka wa kwanza, ataona bila shida kuwa wiki ya tisa inadai saa 65 na wiki ya nne saa 22, na kwamba tesiti tatu zilizorundikwa katika siku mbili zinaweza kusogezwa muhula ungali mchanga. Hesabu hiyo inahitaji mchana mmoja wa kikao cha idara kabla wanafunzi hawajafika, na hakuna ngazi nyingine chuoni inayoweza kuifanya, kwa kuwa kila mhadhiri anaiona kozi yake peke yake, naye mwanafunzi anayeziona zote hana mamlaka ya kuhamisha hata moja.